Gazeti Lilisema Amejitolea

Samli ikikaa siku nyingi ndani ya karatasi ya gazeti huacha harufu ambayo sijawahi kuikuta mahali pengine: maziwa yaliyochacha, wino na moshi wa jikoni, vyote pamoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya darasa la sita. Kijijini kwetu, upande wa Ikungi, gazeti halikuwa kitu cha kusoma ukatupa. Lilifika kwa basi, kisha kwa baiskeli, limechelewa wiki moja au mbili, likasomwa kwenye baraza ya duka la ushirika mpaka likalegea mikunjoni, halafu ndipo likaanza kazi zake nyingine. Lilifungia sukari na tumbaku. Liliziba matundu ya dirisha wakati wa ule upepo wa Juni unaopasua midomo. Ukuta wa ndani wa tembe letu, upande aliolala bibi, ulikuwa umebandikwa magazeti kwa uji wa uwele, na mimi nilijifunza kusoma haraka nikiwa nimelala ubavu, natazama ukuta. Panya walipenda sehemu zenye uji mwingi, kwa hiyo habari nyingi za nchi hii nilizijua nusunusu.

Nilikuwa msomaji wa kijiji. Nayasema haya bila majivuno, maana majivuno yenyewe ndiyo yaliyonifikisha nilikofika. Kila Jumamosi mwenye duka alinipandisha juu ya debe lililofudikizwa, wazee wakakaa kwenye magunia, nami nikawasomea kwa sauti ukurasa hadi ukurasa. Na basi nikwambie jambo moja kuhusu magazeti na majarida ya miaka ile: watu wa mle ndani walikuwa wanajitolea. Wananchi wa kijiji fulani wamejitolea kujenga zahanati. Akina mama wamejitolea kusomba mawe. Vijana wamejitolea kulima shamba la pamoja. Kijiji kizima kimejitolea kuhama mabondeni na kuja kuishi barabarani. Hakuna aliyetumwa, hakuna aliyeamriwa, hakuna aliyenung'unika. Wapo waliojitolea kwa kweli, tena wengi, na nyumba ya mwalimu wetu ilijengwa na watu waliokuwa wakiimba. Nami nilibeba maji siku hiyo na hakuna aliyenisukuma. Lakini gazeti halikuwa na neno lingine kwa wale wasioimba. Nikiwa na miaka kumi na miwili niliamini kwamba ndivyo habari inavyoandikwa, kama vile barua lazima ianze kwa salamu.

Bibi Salima, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Baba na mama walikuwa Tanga kwenye mkonge, nami nikaachwa nimchotee maji na nimpunguzie ukimya, maana alikuwa mjane. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye viganja vinavyonuka samli na samadi hata akiwa ametoka kunawa. Maneno yake yalikuwa machache, ila utani hakunibania. Aliniita mke mwenzake. Nikichelewa kisimani aliniuliza kama ni mume wetu aliyenichelewesha, ilhali mume mwenyewe, yaani babu yangu, alikuwa kaburini mwaka wa saba. Zizini tulikuwa na ng'ombe wanne. Maziwa yao ndiyo yaliyokuwa mboga yetu pamoja na mlenda, na samadi yao ndiyo iliyokuwa shamba letu. Nchi ya kwetu ni mchanga na mawe. Ukipanda uwele bila samadi utavuna mabua ya kuezekea.

Hapa inanibidi nieleze desturi moja, vinginevyo hutaelewa kosa langu. Kwetu ng'ombe hawaelezwi hadharani ni wa nani. Mtu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki zake wa mbali, ili maradhi au ukame ukipiga huku, kule wabaki. Anayewatunza hupata maziwa na samadi, na baada ya mizao kadhaa hupewa ndama awe wake. Hakuna karatasi wala shahidi. Kuna mdomo uliofungwa, basi. Hata watoto wa nyumba huambiwa ng'ombe wote ni wa kwetu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa, ng'ombe wa watu akifa, mtunzaji humkausha ngozi akaipeleka kwa mwenyewe. Mwenyewe huishika, huigeuza, hutafuta alama anazozijua, kisha husema neno moja: nimeona. Akishalisema, shauri limekwisha na urafiki unaendelea. Iwe ni maradhi, iwe ni fisi, iwe ni mkubwa aliyekuja na nguvu zake, ngozi inatosha. Isipokuwa kama ulimtoa ng'ombe wa mwenzako kwa kupenda mwenyewe. Hapo hakuna ngozi itakayokuokoa, na habari zako zitatembea mpaka usipate tena wa kukukabidhi hata mbuzi. Haya niliyajua nilipokwisha kuharibu. Wakati ule nilichojua ni kwamba tuna ng'ombe wanne, na kwamba mzuri kuliko wote ni jike mwekundu mwenye doa jeupe pajani, kubwa kama kawa la kufunikia chakula.

Mwaka ule zahanati yetu ilikamilika, tukaambiwa mgeni mkubwa anakuja kuifungua. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, ila mwenyeji mwenyewe inategemea ni nani. Kamati ya kijiji ilikaa ikaamua achinjwe ng'ombe. Wenye ng'ombe wengi walipata fununu mapema, na siku mbili kabla ya kamati kupita mazizi yao yalikuwa yamepungua kwa namna ya ajabu. Mifugo ilikuwa imekwenda kusalimia ndugu porini. Bibi hakuwa na kijana wa kuswaga ng'ombe porini. Asubuhi, tukiwa hatujamaliza kukamua, wakaja mgambo wawili pamoja na balozi wa nyumba kumi zetu, jirani yetu wa siku zote, mtu mpole ambaye siku hiyo alikuwa anatazama zaidi miguu yake. Walituamkia vizuri. Bibi alipojua wanachotaka aliwaonyesha ng'ombe mzee, mweusi, aliyekwisha kuacha kuzaa. Mgambo mmoja alicheka, akasema huyo mgeni atavunjika meno. Wakamfungua yule mwekundu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, kwa hiyo hakuna kilichonipita. Bibi aliishika kamba. Aliishika kwa mikono miwili, na wale vijana wakavuta, na kamba ikapita katikati ya viganja vyake mpaka ikamchubua. Yule aliyecheka akamwuliza kwa sauti ya mkutanoni, "Bibi, unapinga maendeleo?" Basi akaachia. Leo najua angeweza kusema maneno matatu tu: si wa kwangu. Lakini wangemwuliza ni wa nani, na akitaja jina amemtaja rafiki wa marehemu mumewe kwamba ana ng'ombe katika mazizi ya watu, wakati ambapo kuitwa mnyonyaji mkutanoni hakukuwa mchezo. Alinyamaza kwa ajili ya huyo mtu. Ombi alilolitoa lilikuwa moja tu, wakiwa wamekwisha kufika uzioni: wamrudishie ngozi.

Sikukuu ilifana. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na hotuba, gari la mgeni lilikwama kwenye tope la mvua za mwanzo na watu wakalisukuma wakicheka. Bibi hakwenda, alisema mgongo unamuuma. Mimi nilikwenda, na nilikula. Nilipewa kipande cha ubavu kwa kuwa nilisoma risala mbele ya mgeni, nikakila chote, nikalamba na vidole. Jioni balozi alileta ngozi mwenyewe. Bibi aliiwamba uani kwa vigingi, akaipaka majivu na chumvi, na kila mvua ilipotishia aliikimbilia kuiingiza ndani kama mtu anayeingiza mtoto. Ilipokauka nilimwambia itafaa kwa kulalia. Akanijibu kwamba hiyo ina safari. Sikuuliza safari gani. Kichwa changu wakati huo kilikuwa kimejaa habari ya barua.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametuambia tuandike barua gazetini kuhusu kufunguliwa kwa zahanati. Kulikuwa na ukurasa wa habari za vijijini, na iliyo bora kuliko zote ingepelekwa. Nilikaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya shule na kalamu ya risasi niliyoichonga kwa wembe. Niliandika habari ya mgeni, ya ngoma, ya gari kukwama. Kisha nikaandika hivi, nakumbuka kila herufi: mgambo walikuja wakamchukua ng'ombe wa bibi yangu. Nikaisoma sentensi hiyo. Nikaisoma tena. Haikufanana na gazeti. Sikuwahi kuona gazetini mtu anachukuliwa kitu na kijiji chake, na nikajua kwa hakika kwamba barua yenye sentensi kama hiyo haitatoka. Basi nikaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake: bibi yangu, Bibi Salima, amejitolea kutoa ng'ombe wake mwekundu mwenye doa jeupe pajani kwa ajili ya sherehe. Mara barua ikapendeza. Ikawa na sauti ile ya Jumamosi. Ningependa sana kukuambia kwamba mwalimu ndiye aliyenisahihisha, au kwamba balozi alinionya. Hapana. Mwalimu aliona nakala safi tu. Nilikuwa peke yangu juu ya jiwe na hakuna aliyenishika mkono.

Barua ilitoka baada ya wiki kama sita. Jina langu lilikuwa chini yake, Rehema, na darasa langu, na kijiji chetu. Siku hiyo juu ya debe sikusoma kitu kingine kwanza. Nilianza na hiyo. Nilipofika kwenye habari ya bibi niliinua sauti. Mzee mmoja aliguna. Balozi alikohoa, akaomba ugoro kwa jirani yake. Wengine wakatazama barabara. Mimi nilidhani wameguswa. Mwenye duka akanipa lile gazeti niende nalo, nikakimbia nyumbani njia nzima, nikamkuta bibi anapembua uwele, nikamsomea nikiwa bado nahema.

Bibi hakujua kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho na ungo ukiwa umesimama mikononi. Kisha akaniambia nirudie pale penye jina lake. Nikarudia. Akaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi, nami nikamweleza, kwa ule upole wa mtu msomi anayemweleza asiyesoma, kwamba ndivyo gazeti linavyoandika. Akatikisa ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka.

"Lakini wewe ulikuwepo," akasema.

Wiki ileile alianza kusaga unga wa safari. Akasema anakwenda Iramba kusalimia watu wa zamani, na kwamba ataondoka ndege wakipungua shambani. Aliikunja ile ngozi, akaifunga kwa kamba ya ukindu, akaiweka karibu na mlango. Nadhani alikuwa anahesabu kwamba gazeti ni jambo la mjini na barazani, halitafika Iramba kabla yake. Hakujua kwamba gazeti halifi likisomwa, na kwamba siku zile kila kijiji kilikuwa na kisomo cha watu wazima, na vitabu vilikuwa haba, na wazee walikuwa wanajifunzia kusoma kwa magazeti makuukuu.

Nilimwona nikiwa juu ya dungu shambani, naamia ndege wasile uwele. Mzee mrefu, koti la kaki, fimbo, viatu vya matairi, anatembea polepole kama mtu aliyetembea tangu jana. Nilimtambua alipokaribia. Alikuwa Mzee Kitundu, rafiki wa babu, Mnyiramba ambaye kila mwaka baada ya mavuno alikuja akatuletea asali na kushinda zizini na bibi, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nikashuka mbio nikampa shikamoo. Aliipokea, ila hakuuliza kama nimekua, jambo ambalo hakuwahi kuliacha. Nyumbani balozi alikuwa amekwisha kufika, maana ilikuwa amri kwamba mgeni akiingia balozi ajue. Tukawa wanne uani: bibi kwenye kinu kilicholazwa, Mzee Kitundu kwenye kigoda, balozi kwenye gogo, nami nimepiga magoti natoa maji ya kunywa.

Mzee Kitundu alitoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nyingi, akakikunjua juu ya goti. Akaanza kusoma. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, akitoka jasho, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, hata mimi ambaye ningeweza kuisoma barua ile kwa kichwa. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika kwenye doa jeupe pajani alisimama kidogo, akaendelea mpaka jina langu. Kisha akasema bila hasira kwamba mwaka huu amejifunza kusoma, na hilo ndilo gazeti la kwanza alilolisoma mwenyewe bila mwalimu. Nilikuja kuwafundisha watu wengi kusoma maishani mwangu, na sijaona mtu mwingine aliyeonekana kujutia kujua kusoma.

Bibi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ngozi. Aliifungua kamba, akaitandaza mbele ya miguu ya mgeni, upande wa manyoya juu, lile doa likaonekana. Akarudi kukaa. Alisubiri. Sasa nafahamu alichokuwa anasubiri. Siku ile nilidhani anamwuzia. Mzee Kitundu hakuigusa. Alisema kwamba angeandika mtu mwingine angejua ni maneno ya watu wa mjini, lakini aliyeandika ni damu ya nyumba hii. Halafu akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, babu."

"Ilikuwa kama ulivyoandika?"

Balozi alikuwa pale, ni kweli. Aliona kila kitu siku ile, na alitazama tena miguu yake. Sitaki kumtwika. Alikuwa na watoto, na wakubwa juu yake, na mkutano kila wiki. Mimi nilikuwa na nini cha kupoteza? Nilikuwa na debe langu la Jumamosi. Nilikuwa na jina langu gazetini. Nikisema haikuwa hivyo, basi Rehema ni mwongo, na mwalimu atajua, na wazee watajua, wala sikufikiri kwamba wazee walikuwa wamekwisha kujua tangu siku nilipoinua sauti. Nilitazama viganja vya bibi vilivyokuwa magotini kwake. Makovu ya kamba yalikuwa bado yanang'aa.

"Ndiyo," nikasema. "Alijitolea."

Nilidhani bibi atanikana. Kwa kweli nilitamani anikane, anichape hata kofi, mambo yaishe. Alinitazama, na sikuona ukali machoni pake, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikiwa mtu mzima. Akamgeukia Mzee Kitundu, akasema, "Mtoto ameshasema." Alikuwa amenichagua mimi. Mbele ya rafiki wa mumewe, mbele ya ng'ombe wote waliokuwa wanamlisha, alichagua nisiitwe mwongo.

Mzee Kitundu alikunywa maji yale hadi mwisho, akashukuru. Akaingia zizini, akawatoa wawili, ndama wa kike wa yule mwekundu na kaka yake, kwa kuwa nao walikuwa wake. Tukabaki na yule mweusi wa kuvunja meno. Bibi alimsindikiza mpaka njia panda, kama desturi inavyotaka, nami nikawafuata kwa mbali. Nilimwona akisema naye kidogo, nikamwona mzee akitikisa kichwa. Akaenda zake, hakurudi tena na asali. Ngozi ilibaki uani mpaka kuku wakaanza kuipanda, bibi akaikunja.

Mwaka uliofuata uwele wetu ulikuwa mfupi, na uliofuata ulikuwa mfupi zaidi. Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini bibi alielemewa na mimi, nilikuwa nundu yake na nilikuwa mzito. Hakuna mtu aliyemkabidhi tena mfugo. Walimsalimia, walimwalika kwenye misiba, walimgawia mboga; ila zizi likabaki tupu, kwani yule mweusi alikufa kiangazi. Hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na nimetafuta sana katika kumbukumbu zangu kama kuna neno lolote la kunilaumu, nilishike, niumie nalo. Lililobadilika ni dogo. Aliacha kuniita mke mwenzake. Tangu siku ile aliniita Rehema, kwa jina langu, kama lilivyoandikwa gazetini. Niliacha kusoma barazani. Nilisema nina mitihani. Nilipokuwa chuo cha ualimu wakaniletea habari kwamba amefariki. Nilifika wamekwisha kuzika. Ndani ya tembe, darini, nilikuta ngozi imekunjwa, imepakwa majivu mapya. Alikuwa anaitunza miaka yote ile, isije ikaliwa na wadudu kabla ya safari yake.

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Wanafunzi wangu walinidhania nimechanganyikiwa, kwa sababu kila nilipokuta kitenzi cha kujitolea katika insha nilikizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: ulikuwepo? Walikuja ofisini wameshika madaftari, wakasema mwalimu, mbona tumeandika sawasawa? Nami sikuwahi kuwaeleza. Sasa nimestaafu, nakaa mjini, Mandewa, bodaboda zinapita mlangoni tangu alfajiri na habari haingoji tena basi. Inaingia kwenye simu kabla hata ya chai. Juzi kundi la mtaa wetu lilitangaza kwamba wakazi wamejitolea kuchangia madawati, nikacheka peke yangu, maana mimi mkazi mmojawapo nilichanga baada ya kufuatwa getini mara tatu. Lakini hakuna aliyenivuta kamba mikononi, na madawati yamenunuliwa, watoto wanakalia. Sisemi leo ni mbaya kuliko jana. Aliye na macho haambiwi tazama. Nasema tu kwamba neno lile halijazeeka hata kidogo, na mimi nimezeeka.

Miaka michache iliyopita niliibeba ngozi nikapanda basi kwenda Iramba. Niliulizia nyumba kwa nyumba mpaka nikampata binti yake Mzee Kitundu, mama mzee kunishinda, anatembelea mkongojo. Mzee alikuwa amekufa zamani. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikafungua kamba, nikaitandaza ngozi miguuni pake kama nilivyoona bibi akifanya. Ilikuwa imekakamaa na manyoya yametoka mengi, ila doa lilionekana. Nikamsimulia yote, tangu kamba hadi debe, sikujificha mahali. Alisikiliza vizuri. Akainama, akaishika, akaigeuza upande huu na upande ule. Nilikuwa nimesubiri neno moja zaidi ya miaka arobaini, na nadhani nililisubiri kwa niaba ya mtu mwingine.

"Mwanangu," akasema, "wa kusema nimeona alikuwa baba. Mimi sina neno hilo. Na wa kuambiwa alikuwa bibi yako."

Akaikunja mwenyewe, akaifunga, akanipa. Tulikunywa chai, akanisindikiza mpaka barabarani na mkongojo wake, tukaagana kwa wema. Nikarudi nayo. Ipo chumbani kwangu juu ya kabati, na kila kiangazi naipaka majivu. Wajukuu huniuliza ni ya nini, na mmoja wao, aliye darasa la sita, anayependa kuandika, nimemkalisha chini nikamwambia kwa maneno ambayo wakati wangu niliyakata kwa mstari ulionyooka. Nimemwambia ni ngozi ya ng'ombe wa watu. Mgambo walikuja wakamchukua, bibi yangu akaishika kamba, nami nilikuwepo.